Sauti Moja Ambayo Sikuitoa

Tabora

Rebeka, mdogo wangu, mtoto wa mama,

Nimekuficha jambo tangu mwaka ule wa uasi. Naliandika hapa mwanzoni kabisa, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zote zilizopita. Siku mume wako Yonasi alipokamatwa, sikuwa nimepanda njia ya Rurambo kama nilivyokuambia. Nilikuwa pale pale, Kiringye, kwenye bariyeri ya waasi waliofunga njia, hatua tatu nyuma yake.

Sasa nikusalimie. Magoti yanasemaje? Bado unashuka mwenyewe ziwani kununua ndagala, au wajukuu wamekukataza? Mimi kifua kimechoka. Daktari huongea na binti yangu mlangoni kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu bado ni mazima, nasikia yote. Binti alitaka niseme yeye aandike. Nimekataa. Maneno haya siwezi kuyapitisha kwa mtoto, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Unaikumbuka shule yetu ya misheni pale Uvira, jinsi ilivyopanda kilima: watoto wadogo wa gadiyene chini, karibu na maji, na wakubwa wa mwaka wa mwisho juu kabisa, ubavuni mwa kanisa. Uhuru ulipokuja na mwalimu mzungu wa muziki akaondoka, direkta alinipa mimi muziki wa shule nzima, kuanzia wanaolowesha mikeka hadi wenye ndevu. Nilikuwa najua kuandika nyimbo kwa herufi, d, r, m, pamoja na nukta na mistari ya kupimia muda. Nilijaza daftari zima, ile kaye yangu. Humo ndimo ulimokuwa wimbo wetu wa sikukuu ya kufunga mwaka. Gadiyene walianza peke yao, kwa makofi, kisha kila darasa likaingia juu yao na sauti yake, mpaka wakubwa wakafika na sauti zao nzito chini ya wote, na wazazi wakasimama.

Watu walinisifu mimi. Lakini mwanzo ule ulikuwa kazi ya Yonasi. Ndiye aliyelikubali darasa la gadiyene wakati hakuna mwanamume aliyelitaka. Hakujua herufi hata moja ya muziki. Aliwafundisha kwa mikono, kwa kopo la maziwa, kwa kuinua nyusi, na watoto wake hawakupoteza sauti hata siku moja, wakati wakubwa wangu, na kaye mbele yao, walipiga kelele tu. Jambo hilo liliniuma, nami nililipiza kwa maneno.

"Shemeji," nilimwambia siku moja mbele ya walimu, "weye unafundisha mwimbo sawa vile banafundisha kasuku."

"Kasuku yangu inaimba muzuri, mwalimu," akajibu. "Ya kwako inasoma muzuri."

Walimu walicheka wiki nzima. Baadaye akaja kuniomba, tena kwa unyenyekevu: "Shemeji, unipatie ile kaye siku mbili tu. Na minye nijuwe ile madudu yako ya d na r."

Walimu wote walikuwepo. Nikamwambia, "Anza kwanza kupangusa batoto makamasi." Alicheka pamoja na wengine. Lakini nilimwona akiinamisha macho.

Kisha waasi wakaingia, shule ikafungwa. Wewe ulikuwa umekwenda Lubarika kwa mama, kujifungua. Mimi na Yonasi tukaondoka Uvira kwa miguu kukufuata.

Pale Kiringye walikuwepo vijana waliovaa majani kichwani, na mkubwa wao, mtu aliyesoma kidogo. Wakamwaga mkoba wa Yonasi chini: shati, kipande cha sabuni, kitambaa cha kumfungia mtoto, na kaye.

"Hii iko nini?"

"Iko kaye ya nyimbo, mukubwa. Ya shule."

"Nyimbo iko na maneno. Hapa maneno iko wapi? D, r, nukta, mustari. Hii iko habari ya siri. Munapelekea baaskari ya serikali."

"Hapana, mukubwa. Acha nikuimbie."

Akaimba mwanzo wa watoto wa gadiyene, akipiga makofi, juani, mbele ya mikuki. Kijana mmoja akaanza kutikisa kichwa kufuata makofi. Nikadhani yamekwisha. Lakini yule mkubwa hakuwa mjinga. Aliufungua ukurasa wa katikati, akaweka kidole.

"Imba hii. Hii moja tu."

Nilikiona kidole kilipo. Ilikuwa herufi s, yaani so, ndefu, pale wanafunzi wakubwa wanapoingia. Yonasi aliijua sauti ile, alikuwa ameiimba mara mia. Hakujua tu kwamba ndiyo iliyoandikwa pale. Akauinamia ukurasa. Kisha akageuka, akanitazama. Hakutaja jina langu, Rebeka. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akimtazama mtoto ambaye zamu yake ya kuingia imekaribia, akimpa nafasi ya kuvuta pumzi.

Mkubwa akayafuata macho yake, akaiona miwani yangu. "Weye wa lineti. Unajuwa kusoma hii?"

Akanitia kaye mkononi. Ulikuwa mwandiko wangu, na doa la wino nililolimwaga mwenyewe. Sauti moja tu ingetosha. Nikasema, "Sijui, mukubwa. Sijapata kuona mambo ya namna hii."

Wakaniambia nipite, nikapita. Sikugeuka. Nilimsikia akipiga makofi tena, akiuanza wimbo upya kutoka mwanzo. Halafu sikumsikia.

Sikufika Lubarika. Nilishuka mtoni, nikavuka Ruzizi, nikaenda mpaka huku. Ndipo nikakuandikia uongo wa Rurambo. Ukanijibu kwamba umezaa mtoto wa kiume, na umempa jina langu, ili nyumbani awepo mtu mwenye jina la mjomba aliyempenda baba yake. Samweli huyo huniandikia kila mwaka, ananiita "somo". Tazama barua zangu kwake: sijaweza hata mara moja kumjibu kwa neno hilo. Huku nilifundisha hesabu. Kanisani nachezesha midomo tu, na binti yangu huwaambia watu kwamba baba hana sauti.

Msalimie shangazi yetu wa Lubarika, kama bado anayatambua majina. Msalimie mke wa mchungaji aliyekupokea na mtoto mgongoni. Wasalimie wajukuu wanaokukataza kwenda ziwani; wana haki. Samweli msomee barua hii yote, usiruke kitu. Akitaka kulibadili jina, asione aibu kwa ajili yangu.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mkubwa,
Samweli

Nimekwisha kuweka jina, na bado sijamaliza. Utajiuliza kaye ilifikaje mkobani mwake, ikiwa nilimnyima. Asubuhi ile ya kuondoka ilikuwa katika mkoba wangu. Sikuweza kuichoma; ilikuwa kazi yangu ya miaka yote ile. Nikaitoa, nikampa pale mlangoni, nikamwambia, chukua shemeji, ujifunze. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, shemeji," akasema. "Nikifika, nitaimbia mutoto kwa herufi."

Rebeka, jana yake sokoni nilikuwa nimeambiwa kwamba njiani wanapekua mikoba na kutafuta karatasi. Yeye hakuwa amesikia. Nilimpa kwa sababu hiyo.