Mtetezi Asiyepokea Simu

Jumatatu, 5 Februari

Wamenikataa tena. Safari hii ni ile zahanati ya ng'ambo ya mto. Ujumbe mfupi, wa adabu: kazi ya kutetea wagonjwa inahitaji mtu wa kupokea simu, wananitakia kila la heri. Simu! Kana kwamba wagonjwa wote wanaishi ndani ya simu.

Nilimwonyesha Bi Lorna, mwenye nyumba wangu. Naye ni kiziwi kama mimi. Alikuwa anamenya viazi, mikono imelowa, kwa hiyo alinijibu kwa uso kwanza — na uso wa Bi Lorna unatukana vizuri kuliko mikono ya watu wengi. Kisha akajifuta: "Waambie simu huisikii, lakini upuuzi unausikia hata ukiwa chumba cha pili."

Nikacheka. Ila hali ni mbaya. Mwaka wangu wa kubadilishana wanafunzi umekwisha. Viza inaniruhusu kubaki hapa Rochester, Marekani, kwa mafunzo ya kazi tu, na nisipopata pa kujifunzia kabla ya mwisho wa mwezi, narudi Cuenca, Ekuado.

Cuenca ni kwetu, sina ugomvi nako. Lakini kule kazi hii haipo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoamka hospitalini na mshono tumboni. Daktari alikuwa amemweleza shangazi kila kitu. Nikamuuliza shangazi, wamenitoa nini? Akasema, "Baadaye." Mpaka leo ni baadaye.

Ndiyo maana siondoki hapa bure.

Ijumaa, 9 Februari

Samaki wa kukaanga klabuni kwetu. Ukumbi umejaa viziwi, mikono inaruka kila meza, na kila mtu ana ushauri wa kunipa. Mzee mmoja aliyestaafu posta akaniambia: omba kuhudumia viziwi peke yao, watakuchukua mara moja.

Nikamwambia sitaki. Nataka wagonjwa wote. Anayesikia akionewa, haonewi?

"Unaringa wewe," akasema.

"Naringa, ndiyo."

Halafu nikawaona mama wawili upande wa pili wa ukumbi wakinisema. Kusengenya kwa mikono ni sawa na kusengenya kwa kipaza sauti! Walitumia jina langu la alama nililopewa na viziwi wenzangu, lile la kuinua nyusi. Mmoja alisema binti yake ni muuguzi Hospitali ya Mtakatifu Brendan, na kwamba mkuu wa ofisi ya wagonjwa pale, Bi Hargrove, anatafuta mwanafunzi wa mafunzo, hajapata. Lakini huyu mpangaji wa Lorna, akasema, Bi Hargrove hawezi kumchukua.

Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshavuka ukumbi, nimesimama mbele yake. "Ofisi yake iko ghorofa ya ngapi?"

Maskini, karibu amwage kahawa.

Jumanne, 13 Februari

NIMEPATA!

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Bi Hargrove ni mrefu, nywele za mvi amezikata fupi, miwani inaning'inia kifuani. Nilikuwa nimeomba mkalimani tangu Jumamosi. Nafika — hakuna. Walisahau. Akaomba radhi sana, akavuta karatasi, akaandika: tuandikiane tu, mwandiko wako unasomeka vizuri.

Ni kweli unasomeka. Na nilikuwa nahitaji kazi hii kuliko chakula. Nikachukua kalamu yake nikaandika sentensi moja: Nitamsubiri mkalimani, asante.

Nikaketi. Uso wake ukawa baridi. Nikajisemea, basi Yadira, umejifukuza kazi kabla ya kuajiriwa. Akarudi kwenye kompyuta yake, mimi nikatazama theluji ikijaza maegesho ya magari. Tulikaa hivyo, kama watu waliogombana ndani ya lifti.

Mkalimani wa hospitali akaja mbio, theluji mabegani. Anaitwa Gwen. Swali la kwanza la Bi Hargrove: kwa nini hukukubali tuandikiane?

Nikasema: kesho atakuja mgonjwa asiyejua kuandika, na ninyi mtampa karatasi, mkisema yule Yadira aliweza.

Akaivaa miwani. Kisha akauliza, na simu je? Nikasema, wagonjwa wako wamelala vitandani, Bi Hargrove. Nitawafuata kwa miguu.

Akacheka! Nilikiona kicheko hadi kwenye mabega. Naanza chuo kikisharidhia makaratasi.

Bi Lorna aliponiona mlangoni hakuuliza kitu. Alipiga sakafu kwa mguu mpaka vikombe vikaruka, akanikumbatia nikakosa pumzi.

Jumatatu, 26 Februari

Siku ya kwanza. Kadi shingoni: jina langu lote, Yadira Quizhpe, na chini yake, Mtetezi wa Wagonjwa, Mafunzoni. Nimejipiga picha chooni, nikamtumia mama.

Jibu lake: "Mbona hujachana nywele?"

Baadaye dada akaandika kwamba mama ameacha kofia aliyokuwa anasuka, anazunguka soko zima na simu mkononi, anawaonyesha hata wasiomfahamu.

Nimechana nywele. Nimepiga nyingine.

Jumanne, 5 Machi

Wanaosikia naongea nao kupitia Gwen, na Gwen akiwa kwingine, kupitia tableti inayogeuza sauti kuwa maandishi. Tableti ni kichaa. Leo Bi Ferrante, mama wa Kiitaliano mwenye nyonga mpya, alinieleza jambo refu kwa hisia kali, na maandishi yakasema: "Daktari wangu ni mbuzi kabisa, na familia inamshukuru."

Nikamgeuzia kioo asome. Alicheka mpaka akashika nyonga. Kumbe alisema mjuzi.

Shida yake ilikuwa kwamba wanampeleka nyumbani Ijumaa, na nyumbani kuna ngazi tupu, bafu liko juu. Aliwaambia wauguzi, wakasema mwambie daktari. Daktari akasema mwambie ofisi. Nilizunguka kutoka mmoja hadi mwingine mpaka nikawakutanisha wote mlangoni kwake. Sasa ataenda kwanza kwenye kituo cha mazoezi.

Bi Hargrove alipita, akagonga meza yangu mara mbili kwa kidole, akaendelea. Gwen anasema huko ndiko kusifia kwake.

Alhamisi, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wodi ya upasuaji. Mzee Orrin Maybee, kiziwi, alisoma darasa moja na Bi Lorna. Maisha yake yote alipanga herufi za chapa kwenye gazeti. Sasa kisukari kimemla macho: maandishi hayaoni tena, lazima mikono iwe karibu na uso wake. Na kisukari hicho hicho kimeuozesha mguu.

Nilipofika, muuguzi alikuwa anahangaika na kile kioo cha mkalimani wa video, anayetafsiri akiwa mbali. Picha imeganda, mkalimani amekwama na mikono hewani. Na hata isingeganda, mzee asingeiona. Gwen alikuwa jengo la wazazi na mama kiziwi anayejifungua. Daktari Pruitt, mpasuaji, amesimama na kofia ya chumba cha upasuaji kichwani.

Muuguzi akaniona, akafurahi. Tableti ikaandika: wewe si unajua mikono? Mwambie akubali, tumpeleke.

Mzee Orrin akanishika mkono. "Binti, wanasema nini? Ni kile kidole, sivyo? Jana walinigusa kidole."

Nikatazama tableti. Daktari alikuwa anasema, na maandishi yanatoka: tunakata chini ya goti.

Nikasoma tena. Naweza kumwambia. Alama ni moja tu, mkono unapita kwenye mguu, basi. Lakini mimi sisikii — nimesoma kwenye kifaa kile kile kilichomwita daktari mbuzi. Nimwambie mzee anapoteza mguu kwa kubahatisha? Na akiniuliza kwa nini, na kama kuna njia nyingine, nitamjibu nini, nitunge? Nikishika kazi ya mkalimani, nani anabaki kuwa mtetezi wake?

Nikamwambia: "Mzee, mimi si mkalimani. Anakuja. Hakuna atakayekugusa kabla hajafika."

"Lakini wewe umeona! Nimekuona uso umebadilika!"

"Anakuja, mzee."

Aliutoa mkono wake kwenye wangu.

Kisha nikamwandikia Daktari Pruitt: anaamini ni kidole. Msimpeleke.

Daktari si mtu mbaya. Alisoma, akafumba macho kidogo. Akasema sumu inapanda, kila tunavyongoja inapanda. Nikasimama mlangoni. Sikuziba mlango — nilisimama tu. Wanasema muuguzi alimpigia Bi Hargrove.

Gwen akaja mbio. Akapiga magoti mbele ya uso wa mzee, akamweleza. Nikaona mikono ya mzee Orrin ikisimama hewani, kisha ikashuka mapajani. Ikakaa huko. Halafu akauliza: "Nani mwingine ameutazama mguu huu?"

Hakuna mwingine. Akasema anamtaka mwingine. Wamempa dawa kali, ataletwa mpasuaji wa pili kesho asubuhi.

Daktari Pruitt alimwambia Bi Hargrove mbele yangu kwamba mgonjwa akizidiwa, dhamana ni ya ofisi yake na mwanafunzi wake. Bi Hargrove akanigeukia: kesho tunakutana wote kitandani kwa mzee, na baada ya hapo tutaongea kama unaendelea.

Nilidhani nyumbani nitapumzika. Habari ilikuwa imetangulia.

"Ulijua," alisema Bi Lorna. Mikono yake ilikuwa mikali, kila alama kama kofi. "Ulijua, ukamwacha Orrin gizani. Maisha yetu yote wanaosikia wanatuambia subiri, subiri. Leo kiziwi mwenzetu naye anasema subiri!"

Nilijaribu kumweleza. Akageuza uso. Kwetu sisi, mtu akigeuza uso, mazungumzo yamekwisha.

Ningerudia? Ndiyo. Najivunia? Ndiyo, Mungu anisamehe. Mzee Orrin aliuliza swali lake mwenyewe kuhusu mguu wake mwenyewe. Lakini sumu ikipanda...

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nimesimama kwenye korido. Wanampima mzee joto, tumetoka kidogo.

Homa imepanda. Si sana, ila imepanda. Daktari Pruitt aliniambia hilo kabla ya salamu.

Mpasuaji wa pili ameutazama mguu muda mrefu. Anasema huenda kisigino kikaokolewa, huenda. Au watakata sehemu ndogo leo, kisha ishindikane, wakate tena wiki ijayo. Yeye na Daktari Pruitt hawakubaliani, nimewaona wakibishana hapa nje.

Bi Lorna amekuja. Hakunisalimu. Lakini amevaa lile koti lake zuri la bluu, na alipopita karibu yangu alininyooshea kola. Sijui ina maana gani. Nimeiacha hivyo alivyoiweka.

Tulipoanza, Daktari Pruitt alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anamwambia Gwen: mwambie hivi, muulize vile. Mzee hakuona hata sura yake. Nikanyanyuka nimwombe Bi Hargrove ruhusa ya kusema, lakini mzee Orrin aliniwahi. Alipapasa hewani mpaka akapata mkono wangu.

"Wewe kaa hapa. Jana nilikukasirikia. Bado nimekasirika. Kaa."

Nikakaa.

Kisha akauliza, na Gwen akaitoa kwa sauti: "Ungekuwa mguu wa baba yako, daktari, ungesemaje?"

Niliona midomo ya Daktari Pruitt ikifunguka kwa jibu la haraka, lile walilolizoea. Halikutoka. Bi Hargrove akavua miwani. Hapo ndipo muuguzi wa homa alipoingia, tukatoka.

Kazi yangu iko mle ndani, na viza, na mguu wa mtu. Ningepaswa kuogopa zaidi ya hivi. Lakini kila nikitazama mlango ule najiona mrefu.

Gwen ananiita kwa mkono. Tunarudi, daftari bado mkononi.

Daktari amevua kofia. Amevuta kiti, amekisogeza mpaka magoti yake yanakaribia ya mzee, mwangani kabisa. Gwen amekaa pembeni yake, mikono tayari. Daktari hamtazami Gwen. Anamtazama mzee Orrin, machoni, na anaanza kumjibu yeye mwenyewe. Nafunga daftari, nitazame.