Muhuri wa Kalemie, Ruhusa ya Moba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Alhamdulillahi. Leo nimecheka hata kofia ikanidondoka, nami nina miaka sabini na mmoja! Barua ilituahidi «architecte d'entreprise», nasi wazee wa Umoja wa Mashua tukafahamu: mjenzi. Katibu wetu, Abdoul-Karim, akafyeka kiwanja nyuma ya biro, ofisi yetu, na kuleta matofali mia nane. Akashuka Mama Carmel na kompyuta moja. Akauliza ni nani anayejenga. Tukamjibu: wewe.

«Papa Maliki, mimi sijengake nyumba. Ninajenga namna kazi inatembea.»

Abdoul-Karim alitaka kujua kama matofali nayo yatatembea.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama Carmel amechora kazi yetu kwa mishale. Biro ya Moba ikitaka kubadili shehena, ombi huja kwangu Kalemie. Nikipiga muhuri, ndipo mashua hupakia. Mishale yote imenielekea mimi. Abdoul-Karim akasema nimefanana na nungunungu. Sikukasirika – kweli nilifanana naye.

Kisha akapiga simu Mwanamisi, binti wa marehemu mdogo wangu, msimamizi wa Moba. Ijumaa iliyopita ndagala, dagaa wa ziwa letu, walinyeshewa gatini wakingoja muhuri, nami niko msikitini. Wakaoza, magunia kumi na manane. Hakupaza sauti.

«Baba mukubwa, muhuri ukibaki vile, Ijumaa hii mimi naacha kazi.»

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefahamu! Nilikuwa katika sala ya adhuhuri, Mola anisamehe, fikira ikanijia, nikakaribia kutabasamu katika rukuu.

Mama Carmel anapendekeza mambo manne yasiyoguswa na yeyote: orodha ya abiria, kipimo cha uzito, maboya ya kujiokolea, taarifa ya kuondoka. Mengineyo Moba iamue yenyewe. Wazee waliona ni vurugu. Nami nikawauliza: msafiri hafupishi sala? Rakaa nne huwa mbili, wala haachi kurukuu, wala haachi kusujudu. Nguzo zimesimama, safari imepewa ruhusa. Miaka arobaini nimelifundisha jambo hili madrasani, na bironi nikamlazimisha kila msafiri kusali nne!

Mama Carmel, Mkatoliki, akaandika neno «nguzo» juu ya mchoro wake. Wazee wamekubali tujaribu kesho. Nimemwarifu Mwanamisi. Akauliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 10 Oktoba, asubuhi

Saa mbili na nusu. Taarifa ya Moba imefika: abiria tisa, uzito wa halali, maboya kumi na mawili, mashua itaondoka saa tatu. Nguzo zote nne! Moyo unarukaruka kama wa bwana harusi.

Mwanamisi ameshusha mahindi na kupakia ndagala, kwani mawingu yamekwisha kukusanyika. Hakuniomba. Hakika sasa halazimiki.

Mahindi hayo ni ya Abdoul-Karim.

Amesoma, ameondoa miwani, amesoma tena. Asema jaribio ni jema ila lianze wiki ijayo. Asema karatasi moja yenye muhuri, ipigwe picha itumwe, na mahindi yatarudi chomboni. Saa tatu kasoro dakika kumi. Amefungua saraka ya kwanza ya meza, ya pili. Sasa amepiga magoti, anatazama chini ya meza, ananiuliza kwa upole muhuri uko wapi.

Nimeukalia. Unachoma kidogo. Naendelea kuandika kwa utulivu mkubwa, naye ameanza kukitazama kiti changu –