Sauti Iliyotangulia

Alkhamisi usiku

Kinanda chetu cha umeme kina sauti sita tu. Ukiongeza kidole cha saba, kinaizima ile iliyotangulia kulia. Nnalijua hilo, na bado leo harusini Uroa nlijisahau.

Bi Zuhura, mwimbaji wa tangu mwanzo wa kikundi chetu, alikuwa akiimba, ameegemea sauti nzito niliyomshikia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaleta madoido, ile nzito ikakatika, naye akapotea katikati ya ubeti, mbele za watu.

Nilimweleza sababu tulipokuwa tunafunga vyombo.

"Kwa hivyo kinamtoa aliyetangulia?"

"Naam, Bi Zuhura."

Hakukasirika. Bora angenikasirikia. Kesho nimetumwa mimi nikamwambie Bi Zuhura kwamba kikundi kimempa msichana mpya nyimbo zake.