Odile na ile "simama"

Cadette, sikia mambo ya Odile leo.

Si unajua mashine yao ya kuchonga milango, ile yenye kuongozwa na kompyuta, pale atelie ya Kasongo. Programu ya zamani ilikatala moteri mupya, basi leo Odile akaweka programu mupya. Kumbe hiyo mupya haijui kadi ya umeme ya zamani, ile yenye kushika butoni nyekundu ya kuzima.

Musafiri, ule kijana wao wa kazi, anapangusa vumbi juu ya ubao, kisu cha mashine kinamujia. Odile akafinya butoni. Kinaendelea. Akafinya tena. Kinaendelea.

Akalia, "Simama, simama." Alikuwa anaambia mashine. Musafiri akasikia ni yeye anaambiwa. Akasimama imara, mukono palepale.

Odile akang'oa waya ya jenereta. Kisu kikasimama kwenye kucha ya Musafiri.

Musafiri, bila kutingizika: "Mama Odile, sasa nikimbie?"