Halwa Ndani ya Bendeji

Mama yangu kipenzi, shikamoo.

Mjukuu wako Zuwena sasa hivi kanitoa roho. Nimelipapasa goti lake bovu, kama daktari wa hapa Maskati alivyonifunza, nikakuta bonge laini, lina moto, chini ya bendeji. Nikajua uvimbe umerudi. Machozi yananilenga, naifungua bendeji, mtoto hataki. Mama, halwa! Kaifunga kwenye nailoni kaificha humo!

"Nani kakupa?"

"Bibi Thuwaiba. Kasema mgeni hanyimwi halwa, na daktari si mwenye nyumba."

Na shangazi huyo huyo anayetukaribisha hapa Al Amerat ndiye anayeitikia "naam, naam" mbele ya daktari! Mabibi nyote chama kimoja. Usicheke, wewe ulimlisha samli kwa kijiko, eti unene ndio afya. Daktari kasema maradhi hayakuletwa na unene, lakini mafuta yakizidi mwilini nayo huchochea uvimbe wa viungo. Tusimshindishe njaa, tumpunguzie vitamu na tumchezeshe.

Lakini sikia, Mama. Chini ya halwa, goti lenyewe limenywea, sawa na mwenzake! Nilipoiweka halwa juu ya kabati, kanikimbilia na kunivuta kanga. Kakimbia, Mama, yeye niliyekuwa nikimbeba kwenda chooni!

Nnakubusu mikono. Inshallah tukirudi atakukimbilia mwenyewe uwanja wa ndege, nawe utam... Ngoja, shangazi ananiita: "We Mama Zuwena, njoo mbio, mwanao kapanda kabati!"