Kariuki Amenizika Nikiwa Hai

Jumapili, mchana. Ukungu umeshuka mpaka kwa mlango wa jikoni na mlima haujajionyesha tangu juzi. Sikuenda kanisani. Niko na udongo kwa nywele, na leo siuoshi.

Wale mnaoingia hapa kwa ukurasa wangu kuniandikia "pole shosho", kama mimi ni nyanya yenu, na vile viuso vya kulia, ngojeni kwanza mjue ni pole ya nini. Mimi nilitoka shule darasa la tatu na naandika na kidole kimoja. Someni polepole vile naandika.

Ijumaa tulikuwa tunamzika Gathogo.

Baba ya Gathogo na baba ya mume wangu walizaliwa na mzee mmoja, hapa hapa juu ya Karatina. Boma lake liko chini ya kahawa yetu, upande wa mto. Alikuwa rika langu. Wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni tulikuwa watoto, tukitolewa asubuhi na mama zetu kuchimba handaki la kuzunguka kijiji. Hakuna malipo, hakuna chakula. Siku moja mama yangu aliinua mgongo apumue tu, askari akamchapa kiboko mpaka akajikojolea mbele ya watoto. Gathogo akalia, naye akachapwa. Kile kiboko hakikuuliza huyu ni wa nyumba gani. Siku hizo sote tulikuwa watumwa na hakuna aliyemringia mwenzake.

Kuringa kulirudi mashamba yalipopimwa.

Sasa niwaeleze hii habari ya nyumba ya Gathogo, kwa sababu Kariuki, mwanangu wa kwanza, huwa anaisimulia nusu.

Nyanya yake Gathogo aliitwa Nyokabi. Ilikuwa njaa kubwa, ng'ombe wa Wamaasai wameisha kwa ugonjwa. Baba yake, mmoja wao, alimleta huku akiwa msichana hajaota matiti, akamwacha kwa yule mzee wetu, akarudi na mzigo wa mtama na viazi vikuu. Ati mvua ikinyesha atakuja kumkomboa. Mvua ilinyesha. Hakuna mtu alikuja.

Watu wa huku wanapenda kusema utumwa ulikuwa mambo ya pwani, ati sisi hatukuwa nao. Uongo. Sisi tulimwita mtoto wa nyumba, halafu tukamlaza na mbuzi.

Alitoroka. Walimfuata mpaka nyika ya upande wa Nanyuki, wakamrudisha na kamba ya ngozi shingoni, na mzee akamkata mshipa wa kisigino asirudie. Najua kwa sababu nilipoolewa hapa alikuwa bado hai, kikongwe, na kumwosha miguu ilikuwa kazi ya bibi arusi. Hicho kisigino nilikishika na mkono huu. Kilikuwa na shimo la kuingia kidole gumba. Alinisimulia hayo yote na sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Mzee huyo huyo akampa mimba. Hakumtolea mbuzi hata mmoja, na kwetu bila mbuzi hakuna mke. Halafu mke wake wa mbuzi akafa akizaa, na Nyokabi akanyonyesha watoto wawili: wake, babake Gathogo, titi la kulia, wa marehemu la kushoto. Huyo wa kushoto ndiye babake mume wangu.

Bila titi la mtumwa hakuna Kariuki.

Hiyo ndiyo nusu asiyosimulia.

Sasa turudi Ijumaa. Huku kwetu mtu akizikwa mahali, mahali hapo ni pa watoto wake, na kuwatoa ni kazi. Kariuki anajua. Hati ya shamba iko na jina la marehemu baba yake peke yake, Gathogo aliambiwa tu, "Wewe kaa, nani atakufukuza?" Leo kuna mtu anataka kununua ule upande wa mto ajenge hoteli, na kaburi la Gathogo lingeharibu biashara.

Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya benchi, mhubiri amefungua mdomo. Kariuki akatokea kwa kahawa na vijana wa kukodisha, wamelewa saa nne asubuhi, kila mmoja na panga.

"Rudisheni huyu mochari," akasema. "Hili shamba halizikwi watumwa."

Maina, kijana mkubwa wa Gathogo, akamjibu pole tu. "Kariuki, huyu ni baba yako mdogo. Alikuwa anakubeba mgongoni ukienda shule."

"Alinibeba kwa sababu kazi yenu ni kubeba."

Watu walicheka. Si vijana peke yao. Watu wa kanisa, na vitambaa vyao vyeupe kichwani, walicheka.

Halafu zikawa ni panga na viti. Mhubiri alipigwa ubapa wa panga mdomoni, akatema jino kwa nyasi. Dada yake Maina alikokotwa na nywele. Benchi likapigwa teke, jeneza likaanguka kwa ubavu, kifuniko kikafunguka, na nikaona soksi za Gathogo. Za kijivu. Mtu ambaye alichapwa pamoja na mama yangu, amelala kwa matope na soksi.

Nikashuka kaburini.

Nilishuka na makalio, mguu wangu mmoja si mzuri. Nikakaa chini nikakunja miguu. Kwetu mtu hachezi na kaburi lililo wazi, ni mwiko unaokufuata mpaka nyumbani kwako. Vijana wakachungulia, wakarudi nyuma.

"Shosho, toka huko. Hii si mambo yako."

"Wewe ni mtoto wa nani? Mama yako anajua uko hapa? Haya, shuka unitoe."

Hakushuka.

Kariuki akaja mwenyewe. Kutoka chini unaona miguu na mbingu tu. Niliona viatu vyake, nikaona viatu vya Maina vimesimama mbele yake, nikaona Maina ameinua mkono. Halafu nikasikia sauti kama ya kukata mgomba. Damu ya Maina ilinidondokea begani ikiwa moto. Vidole viwili vilikuwa vinaning'inia na ngozi.

"Maitu, toka."

Maitu ni mama. Hivyo ndivyo ameniita tangu ajue kuongea.

"Nifukie kwanza," nikamwambia.

Nilisema hivyo kumwaibisha. Nilidhani namjua niliyemzaa.

Akachukua koleo, akalijaza, akanimwagia udongo kichwani.

Koleo moja.

Mtu yeyote aliyelelewa huku anajua: mtoto akimtupia mzazi wake udongo ndani ya kaburi, amemzika. Kazi hiyo hufanywa mara moja. Hata wale walevi walijua. Mmoja aliangusha panga akakimbia kwa kahawa analia kama mtoto. Kariuki mwenyewe alikuwa anaangalia koleo kana kwamba kuna mtu mwingine alilishika.

"Maitu, sikutaka."

"Umenizika," nikamwambia. "Siku nitakufa kweli usije. Ulishakuja."

Kariuki na vijana wake wakaondoka, na watu wa Gathogo wakanitoa na ngazi ya kuchumia parachichi. Tukafunga jeneza na misumari, tukamzika Gathogo pale pale. Maina alikataa kwenda hospitali mpaka amwage udongo wa baba yake na mkono mzima. Nyeri walikata vile vidole vyote viwili. Polisi wakaniuliza ni nani alimkata. Nikawapa jina la mwanangu, na la baba yake, wasije wakashika Kariuki mwingine. Wanasema watakuja. Husema hivyo.

Leo asubuhi amekuja kwa lango na mbuzi. Dume jeupe, limenona. Hivyo ndivyo kitu kama hiki husafishwa: unachinja, wazee wanaomba, mama anafufuka. Alikuwa amepiga magoti kwa umande. Mimi nilisimama upande wangu wa ua.

"Huyo mbuzi si wangu," nikamwambia. "Alihitajika hapa kabla mzee hajamkata Nyokabi kisigino. Mpeleke kwa Maina. Mchinje mbele ya watu wote, useme ni wa Nyokabi, ametolewa kama mke. Ukimaliza nenda polisi na miguu yako. Halafu urudi, nitaosha nywele."

"Watanicheka, Maitu."

"Wacheke. Wanajua kucheka, uliwasikia Ijumaa."

Amefunga mbuzi kwa nguzo ya lango, akaenda. Hakusema anaenda wapi.

Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza. Naumia. Ni mimi nilimnyonyesha. Huu udongo unawasha, na kila nikijikuna namkumbuka akiwa mdogo, vile alikuwa anaogopa radi na kujificha ndani ya leso yangu. Jana nilichota maji ya moto mara mbili, nikayamwaga nje.

Yule mbuzi amelia tangu asubuhi. Amekula maua yangu yote yanayofikiwa na kamba. Nimempa maji, yeye hana kosa. Lakini kamba siifungui, na nimewakataza majirani wasiiguse.

Kutoka hapa mpaka kwa Maina ni kuteremka tu katikati ya kahawa. Nyokabi alipanda hiyo njia na kisigino kilichokatwa, pipa la maji mgongoni, mpaka akazeeka.

Kariuki ana miguu miwili.

Kesho nikiamka nitaangalia lango kabla sijaangalia mlima.