Mafundi Wako Wametoka, Mke Wangu

Bibi, mke wangu,

Shikamoo sikupi. Wewe mwenyewe ulisema mume hamwamkii mkewe, na kifo hakijavunja ndoa yetu.

Mafundi wako wametoka! Wale wadudu wenye msumeno mkiani, uliowaita maseremala.

Roho yangu ilikuwa juu, Bibi. Wanao walikuzika chini ya kichaka chako, kando ya njia ya zamani ya misafara, wakidhani wanakufurahisha. Mimi tu ndiye uliyenifundisha kwamba viwavi wao wakishashiba majani hushuka, wakajifukia udongoni na kulala humo kiangazi chote. Na yule mtafiti wa wadudu aliyepita kijijini alishasema amezunguka misitu mingi, kawaona hapa kwetu Kigwa tu. Kila jembe lilipoingia ardhini nililia mara mbili. Kwako, na kwao.

Halafu Baba Mdogo akaleta saruji. Eti kaburi lijengewe, mama asilale kwenye tope. Nikamwambia, "Ukifunika, hawatoki. Subiri mvua." Akanijibu, "Shule imekushinda, leo umekuwa daktari wa inzi?" Nikanyamaza? Mimi? Niliikalia ile mifuko kama kuku anayeatamia.

Mvua ya kwanza ilipopiga, asubuhi nikaenda. Bibi... udongo wako ulikuwa na vitundu vitundu. Juu kichakani, fundi jike mweusi, tumbo rangi ya chungwa, ameinama anachana ukingo wa jani apachike mayai. Nikacheka mpaka machozi.

Baba Mdogo alipokuja, mmoja akamtulia shingoni. Mtu mzima alivyoruka! "Nyigu! Nyigu!" Nikamdaka yule fundi, nikamfungia kiganjani, kama ulivyonionyesha nikiwa mdogo: "Huo si mwiba, mume wangu, ni msumeno. Fundi hamdungi mtu." Sasa kijiji kizima kinaniita shujaa. Haya, ni Baba Mdogo peke yake, na alichosema ni "mwehu."

Lakini saruji ameipeleka chooni. Sakafu inang'aa, usingeamini.

Kwaheri, mke wangu. Kaburi lako litabaki la udongo, nitalipalilia kwa mkono, jembe marufuku. Na nikipata mwingine wa kuoa, nitamleta kwako kwanza mvua zikianza, nimwekee fundi kiganjani. Akikimbia, harusi hakuna.

Mumeo, yuleyule mwenye maneno mengi.